Kitako Kilichokatwa

Bunduki hii iliundwa kwa bega la mtu mwingine,
mrefu, wa nchi nisiyoijua,
mwenye mikono ya kufikia dari.
Mimi ni mfupi. Mama naye alikuwa mfupi.
Miaka miwili niliibeba kama mtoto wa jirani,
shavu halifiki panapotakiwa,
shabaha inakwenda majanini.

Barua ya kwanza ilijibiwa: subiri.
Ya pili haikujibiwa.
Ya tatu Sajini Ilomo aliipeleka mwenyewe, mkononi,
akarudi na muhuri, na mafua.
Ndipo fundi Mahenge wa Matamba,
achongaye vitanda na majeneza kwa msumeno uleule,
akanipima bega kwa kamba ya kiatu
akakata ubao vidole viwili.
"Sasa ni yako," akasema.
Si yangu. Ina namba, ina daftari, ina kufuli.
Lakini nilimwelewa.

*

Asubuhi ya Julai. Kitulo imejifunika sakitu,
nyasi zinavunjika chini ya buti kama chapati ya juzi.
Natandika gunia mezani. Natoa magazini,
natazama chemba, kisha naingiza kidole cha mwisho,
maana jicho hudanganywa na ukungu,
kidole hakidanganyiki.
Tupu, nasema.
Tupu, Sajini anaandika.

Halafu naivua. Kifuniko. Springi. Na huyu hapa,
pistoni, kijiti cha chuma kama kalamu,
mweusi wa masizi kama sufuria ya msibani.
Namjua tangu utoto.
Baba alikuwa na mashine ya kusaga,
ya dizeli, silinda moja, ikikohoa tangu alfajiri,
na mimi ndiye niliyemshikia chemli
kila alipoifungua kifua.
"Moto hauna adabu," alikuwa akisema.
"Pistoni ndiyo huufundisha kazi."
Kule moto ulisukuma jiwe, jiwe likatoa unga.
Huku moshi wa risasi husukuma kijiti,
kijiti husukuma bolti, bolti hudaka risasi nyingine,
na unga hautoki.

Nafuta kwa kipande cha kanga ya mama;
maneno yamekatika, limebaki HAUOZI.
Mafuta tone moja.
Ukizidisha, baridi huyageuza gundi.
Ukipunguza, kutu hufika kabla ya chai.

*

Mwezi wa tatu nilimkuta Tusekile bondeni,
jembe dogo, mfuko wa salfeti, magoti yamelowa.
Chikanda zimefika nusu ya mfuko,
na maua yake yamelazwa ubavu,
bado hayajajua.
Darasa la nne tulikaa dawati moja.
Kitako kikakaa begani, pale pale,
kwa mara ya kwanza shavu likafika.
Hilo ndilo lililonitisha,
jinsi ilivyonikaa.

Nikauinua mtutu, ukatazama mawingu.
Akasema, "Tweve, hata wewe?"
Nikasema, "Weka mfuko chini."
Aliweka.
Tukateremka hadi kituoni, saa mbili nzima,
yeye mbele, mimi nyuma, hakuna neno
ila pale alipogeuka kunionyesha
penye utelezi.

Zilitoka thelathini, zilirudi thelathini:
ndivyo daftari lisemavyo.
Usiku ule niliifungua yote hata hivyo.
Pistoni ilikuwa safi. Niliifuta
mpaka kitambaa kikapata joto.
Sajini hakuuliza. Alisogeza taa.

*

Kile kipande kilichokatwa
Mahenge alinifungia katika gazeti, kama nyama.
Nyumbani kinashikilia mlango wa jiko
upepo ukishuka kutoka Numbe.
Mwanangu anakiita gari.
Anakisukuma sakafuni huku akinguruma,
akikipakia mahindi, akiyashusha,
na kila jioni nainama kukitafuta uvunguni,
maana mlango umeanza kugonga.